Mlango wa Kicheko

Otmar Luambano alianza kuongea lifti ilipoachia juu, na ilipofika kilomita tatu na nusu chini ya Bonde la Ufa alikuwa bado anaongea. Dakika ishirini na mbili. Watu saba wamebanana kwenye kizimba cha chuma, na sikio la Jilala ndilo lililoangukia jirani na mdomo wake.

"Mtani, nasikia kwenu mtu akiona lifti mara ya kwanza anauliza inakula majani au pumba."

"Kwenu anauliza kama ndani kuna panya."

"Panya gani ataishi humu na joto hili?"

"Si ndiyo mnavyowapenda. Anashuka mzima, anafika kaiva."

Sipora, mama wa Kiiraqw aliyekuwa anaendesha drili kubwa, akaegemeza kichwa kwenye ukuta. "Asubuhi yote hii," akasema, "na hawa wameshaanza."

Hakuna aliyeshangaa. Mngoni na Msukuma ni watani, na utani una sheria yake: ukitukanwa unajibu, hununi. Ukinuna umeshindwa, na aibu inabebwa na ukoo mzima. Otmar, Mngoni, alikuwa na miaka arobaini na kitu, Jilala, Msukuma, ishirini na tatu, lakini kwenye utani umri unaachwa mlangoni pamoja na viatu.

Jilala na shule waliachana kidato cha pili. Hakufukuzwa wala nini, miguu tu ilikuwa inamwasha. Akatengeneza simu, akachoka. Akatengeneza pampu za visima, akachoka. Halafu watu wa Shimo la Kitarumo wakaiona mikono yake, hawakuuliza cheti, wakampa kazi ya mpanga pumzi. Hiyo hakuichoka. Mwaka wa pili sasa, na kila asubuhi alikuwa anashuka na moyo mweupe.

Chini kulikuwa na nyuzi arobaini na moja za joto. Watu wakavua mashati, wakavaa miwani ya kazi, wakakaa kwenye benchi kwa mstari, wameinama. Jilala akapita nyuma yao mmoja mmoja, tableti mkono wa kushoto, kidole cha kulia kwenye kisogo cha mtu. Pale shingo inapokutana na fuvu, chini ya ngozi, kila mmoja alikuwa na kidubwasha kama punje ya mahindi. Kampuni iliandika jina refu kwenye makaratasi. Wachimbaji walikiita Nyapara.

"Sipora, sita kwa dakika. Safi."

"Nimelala vizuri."

"Otmar, saba. Umezidisha moja."

"Moja ni ya kukusengenya."

Mtu wa kawaida, akiwa amekaa zake sebuleni, anavuta pumzi kumi na nne kwa dakika. Hawa walikuwa wanavuta sita, na drili mkononi. Siri ilikuwa kwenye uji. Si uji wa kunywa. Ni kitu cheupe, kizito, wanachodungwa kabla ya zamu, kinachoelea kwenye damu na kubeba hewa mara nne ya ile inayobebwa na damu yenyewe. Mwili unashiba. Tatizo ni ubongo, kwa sababu haujui habari za uji. Wenyewe unaendelea kudai pumzi kama zamani, kama mgeni aliyekwisha kula na bado anachungulia jikoni. Ndiyo kazi ya Nyapara: kukaa pale kisogoni na kuutuliza.

Spika ya ukutani ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Daktari Kokushubira, aliyewatengenezea Nyapara hao, yuko juu ofisini kwake.

"Habari za chini?"

"Za moto, Dokta," wakajibu kwa pamoja.

"Leo tunajaribu kufunga mlango wa juu. Nani ananipa kichwa chake?"

Jaribio hilo walikuwa wanalijua, waliambiwa wiki nzima. Chini kule kuna gesi inayonuka kama yai viza, na wachimbaji wanaiita Yai. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikiwa nyingi inaua pua kwanza, unadhani imeondoka, kumbe ndiyo imefika. Inakwenda moja kwa moja kwenye shina la ubongo, kwenye zile seli zinazopiga mdundo wa pumzi, inazizima. Pumzi moja ya Yai kali, umekwisha. Barakoa zipo, lakini kuivaa ni sekunde arobaini na Yai linafika kwa kumi, na hakuna binadamu anayeweza kupiga drili kwenye joto lile barakoa ikiwa usoni. Mwaka juzi, Shimo la Pili, watu kumi na mmoja.

Kwa hiyo Daktari Koku akafikiria hivi: Yai likija, Nyapara wote wasimamishe pumzi kwa mpigo. Uji uliomo kwenye damu unatosha dakika ishirini. Gesi ipite, watu wamekaa, hawavuti. Kasoro ni moja. Mtu akiogopa anavuta tu, kwa nguvu zake, Nyapara asiweze kumzuia. Hiyo nguvu ya kuvuta kwa kupenda ndiyo aliyoiita mlango wa juu, na sasa alikuwa amepata namna ya kuufunga.

"Nifungeni mimi," Otmar akasema. "Nina mdomo mkubwa, mkiweza wangu mmeweza yote."

Jilala akachomeka ufunguo kwenye tableti, kipande cha shaba kama kidole cha mtoto, alichokuwa anakivaa shingoni kwa kamba. Bila huo, jina la mtu haliwekwi wala haliondolewi. Akaleta jina la Otmar. Mdundo, sifuri. Mlango wa juu, fungwa.

Otmar akakaa. Kifua kimetulia kama meza. Akafungua mdomo aseme kitu, hakikutoka kitu, maana maneno yanatembea juu ya hewa na hewa ilikuwa haitembei. Akafumba. Akafungua tena. Macho yakamtoka kidogo, halafu yakatulia. Akanyanyua dole gumba.

"Dakika ya kwanza," Jilala akasoma. "Damu iko sawa. Haumii."

Halafu ndiyo likamjia. Mngoni yule hawezi kujibu. Miaka miwili alikuwa anaisubiri siku hii bila kujua.

"Jamani," akawageukia wengine, "sijawasimulia nilivyofika kwao huyu. Nimefika, mama mtu kanikaribisha, kaniletea ugali na nyama. Tamu kweli. Nikamuuliza, mama, hii nyama ya nini? Akasema kula tu mwanangu, usijali. Nikasema hapana, niambie. Yule mama akafuta machozi. Akasema, huyu tumeishi naye darini miaka miwili, alikuwa kama ndugu."

Sipora akaangua kicheko. Otmar akamkazia macho Jilala, akatikisa kidole. Halafu tumbo lake likaruka. Likaruka tena. Ikatoka sauti, *hi*, halafu *hi hi*, halafu kicheko kizima, na mwisho wa kicheko akavuta pumzi ndefu yenye mlio kama mlango mkavu, kifua kikajaa.

Jilala akaangalia tableti. Mlango wa juu: umefungwa. Mdundo: sifuri.

"Dokta," akasema, "kavuta."

"Umekosea kufunga."

"Sijakosea. Kacheka."

Otmar akaendelea kutikisika mabega peke yake, machozi yanamtoka chini ya miwani.

*

Daktari alielezea wakati wa chakula, kwenye spika, na alielezea vizuri, hakuwa mtu wa kuficha kosa lake.

"Kuna njia tatu," akasema. "Ya chini ni mdundo. Chembe chache pale kwenye shina la ubongo, zinapiga zenyewe, vuta, toa, umelala, umezimia, zinapiga. Jirani yake kuna walinzi wanaoonja damu. Hewa chafu ikizidi, damu inakuwa kali, walinzi wanapiga kelele, unavuta haraka. Hao wote Nyapara anawaweza. Njia ya pili ni ya juu, unapovuta kwa kutaka. Kuongea, kuimba, kupuliza moto. Ya tatu nilidhani haina nguvu. Inatoka katikati, sehemu ya zamani sana ya ubongo. Kicheko, kilio, kushtuka. Haipiti juu, wala haiombi ruhusa chini."

"Maabara mlijaribu watu wangapi?" Jilala akauliza.

"Arobaini."

"Na hakuna aliyecheka?"

"Walikaa na nesi. Kimya kabisa."

"Sasa nesi atamchekesha nani, Dokta? Mngewaletea mtani."

"Sikufikiria," akasema. Halafu akasema alilotaka kusema. "Nimeshaandika maelekezo mapya, yako kwenye tableti yako. Na ya tatu inafungika. Lakini nataka kila mtu akubali mwenyewe kwa mdomo wake."

Wakaulizwa mmoja mmoja. Sipora akasema ndiyo, ana watoto wanne, acheke atakaporudi nyumbani. Wanne waliofuata wakasema ndiyo. Ikafika kwa Otmar, anatafuna.

"Hapana."

"Otmar," Daktari akasema, "watu wa Shimo la Pili niliwapima mimi. Tisa kati ya kumi na mmoja walikuwa wamevuta mara moja tu. Walibana, walijitahidi, halafu mmoja akashtuka, mwingine akalia. Mara moja."

"Nimekusikia, Dokta. Pole, najua ilikuuma." Akameza. "Ila mimi mdundo nimewapa. Mdomo nimewapa. Haka kadogo kaliko katikati ni kangu."

"Kwa ajili ya kucheka tu?"

"Siku tunamzika mama, nilikuwa siku ya tatu sijala. Sijalia pia, nimekauka tu kama gogo. Mtani wetu mmoja, mzee wa watu, akaruka akalala kaburini, akasema nafasi hii nimewahi mimi, mama atafute nyingine. Nikacheka. Nikacheka mpaka nikalia, na nilipolia nikala. Hakuniuliza mtu kama nataka kucheka, na mimi sikutaka. Sasa kitu kinachoweza kunitoa kaburini bila hata mimi kutaka, nikupe wewe ukifunge kwa kitufe?"

Daktari hakubishana. Lakini watu walipoinuka kwenda kazini, sauti yake ikaja kwenye kisikilizi cha Jilala peke yake.

"Aliyekataa amekataa. Ila kitufe chake kipo, sijakitoa. Wewe ndiye utakayekuwa pale, siyo mimi."

"Unaniambia nimfunge?"

"Nakuambia sitakuwepo."

Jilala hakupenda. Yeye mambo ya kupinda yanamuumiza kichwa. Akamfuata Otmar kwenye mabomba, akamwambia waziwazi: "Kitufe chako ninacho. Sitakufunga bila kukuuliza."

"Utaniulizaje na mimi bubu?"

"Nitakupa mkono. Ukibana, ndiyo. Ukiutupa, hapana."

"Sawa." Otmar akafikiri. "Na kabla ya kunipa unawe. Nyie mnashika ng'ombe."

*

Yai lilikuja siku ya nne, saa tatu na robo asubuhi, mwamba ulipopasuka nyuma ya drili ya Sipora.

Kengele haikuwahi hata kumaliza mlio wa kwanza. Jilala alikuwa amekaa kwenye kiti chake, barakoa ikining'inia shingoni kama kawaida, maana sheria ilikuwa hivyo: mpanga pumzi ndiye pekee asiyefungwa, kwa hiyo ndiye pekee anayekaa na barakoa tayari. Mkono mmoja ukapandisha barakoa, mwingine ukapita kwenye vitufe. Wote sita. Mdundo, sifuri. Mlango wa juu, fungwa. Mlango wa kati, fungwa kwa watano. Vifua sita vikasimama. Ilimchukua sekunde saba, na kwa mtu ambaye mwalimu wake aliwahi kumwambia hana mbele wala nyuma, zilikuwa sekunde nzuri sana.

Drili ikazimika. Watu wakashuka, wakakaa kwenye benchi kama walivyozoeshwa, mikono magotini. Feni za kunyonya zikaanza kunguruma kwenye ukuta wa mbali. Kwenye kipimo namba ya gesi ikapanda kwenye nyekundu, ikapita nyekundu.

"Tulieni," Jilala akawaambia. "Dakika kumi na mbili, gesi itakuwa imeisha."

Ila betri ya spika ya barakoa ilikuwa inakufa. Alichosema hakikutoka hivyo. Kilitoka chembamba, kinatetemeka, sauti ya mwanambuzi aliyepotezana na mama yake. *Tu-uu-lie-eeni.*

Watano waliofungwa mlango wa kati wakamwangalia tu, wametulia kama picha. Otmar akamwangalia pia. Na kwa vile Jilala barakoa alikuwa ameivaa kwa haraka, kamba ilikuwa imekunja sikio la kushoto likasimama juu, mbuzi kamili, na sikio lake.

Jilala akaliona tumbo la Otmar linaruka.

Mtu akiwa na hofu kicheko kinakuwa karibu zaidi, hilo kila aliyewahi kukaa msibani analijua. Tumbo likaruka tena. Otmar alikuwa ameuma midomo, amekaza shingo, anaangalia chini. Alikuwa anajitahidi. Mshipa umemsimama kwenye paji la uso. Hewa kidogo ikamtoka puani, *hm*. Kutoka si neno. Neno ni baada ya kutoka, maana mwisho wa kicheko lazima uvute, na hewa ya kuvuta mle ndani ilikuwa Yai tupu.

Jilala akafika kwa hatua mbili, akapiga goti, akampa mkono. Hakusema kitu, asije akalia tena kama mbuzi. Akamwonyesha tableti, jina lake, kitufe.

Otmar akamwangalia. Macho yalikuwa yanacheka na yanaogopa kwa pamoja. Aliushika mkono wa Jilala. Halafu akautupa.

Akajishika tumbo kwa mikono yote miwili, akainama mpaka kichwa kikagusa magoti. Mgongo ukatulia. Sekunde tano, sita. Jilala akaanza kuamini kwamba kimepita. Kwenye tableti namba ya gesi ilikuwa mara mbili ya ile ya Shimo la Pili.

Mabega yakaanza. *Hm. Hm hm.* Kinakuja kwa kupanda, kile kikubwa, kile cha kumtoa mtu machozi, na mwisho wake ni ile pumzi ndefu yenye mlio.

Otmar alikuwa amempa jibu. Jibu lilikuwa hapana. Jilala alijua kabisa lilikuwa hapana.

Akabonyeza.

Kicheko kikakatika katikati kama redio iliyochomolewa. Otmar akanyanyuka taratibu, uso mtupu. Mdomo ulikuwa bado umekaa mkao wa kucheka, lakini nyuma yake hakuna kinachosukuma. Akaugusa kwa vidole, akaona uko wazi, akaufumba mwenyewe kwa mkono. Halafu akamtazama Jilala, akamtazama dakika tisa, mpaka feni zikamaliza.

Jilala hakuondoa macho. Hilo alilimudu.

Kipimo kikarudi kijani. Akafungua wote: mdundo, juu, kati. Vifua sita vikapanda. Sipora akasema "Bwana asifiwe" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeshuka kwenye ngazi. Wakakumbatiana, wakapigana mabega, mmoja akaomba maji. Otmar akavuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Akakohoa. Akasimama, akaenda kukaa upande wa pili peke yake.

"Mtani," Jilala akamwita, ameshavua barakoa.

Otmar hakujibu.

*

Hakujibu siku hiyo, wala kesho yake. Alifanya kazi, alisalimia watu, aliinamisha kisogo apimwe. Kwenye lifti alisimama kimya dakika ishirini na mbili. Watu walianza kuikumbuka kelele yake. Sipora alimwambia Jilala, "Mrudishie yule mtu mdomo wake, mwanangu, shimo limekuwa kaburi." Jilala akasema mdomo alishaurudisha. "Basi mrudishie kingine ulichochukua," Sipora akasema, akaenda kwenye drili yake.

Siku ya tatu, wakati wa chakula, Jilala alikuwa anakula wali na maharage, ufunguo kauweka pembeni ya sahani kwa sababu kamba ilikuwa inamkera shingoni. Otmar akaja. Akasimama. Akaangalia sahani, akaangalia ufunguo. Akauchukua ufunguo, akajivika shingoni, akageuka kuondoka.

Benchi zima likageuza vichwa. Maana hilo kila mtu alilielewa. Mtani akija kwako akachukua kitu, kachukua. Kuku wako, kofia yako, sufuria iliyo motoni na mboga ndani. Humshtaki, humdai, hununi. Utamchukulia chake siku yako ikifika. Na kama mtu ni mtani wako bado, maana yake hajakuacha.

Jilala akamaliza kutafuna.

"Huo ni wa kampuni," akasema.

"Kampuni ni kabila gani? Nilimkuta nao Msukuma."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tatu sauti yake kumgeukia Jilala. Mmoja akacheka, halafu wote.

Spika haikuchelewa. Daktari Koku alikuwa ameona ufunguo umetoka kwenye tableti na haurudi. "Jilala, ufunguo uko wapi?"

"Mtani wangu kauchukua, Dokta."

"Mwambie aurudishe."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Kwetu haidaiwi. Nikidai nimenuna, nikinuna nimeshindwa. Niletee mwingine ukipenda. Ila na huo nao ataniibia, nakuambia mapema."

Otmar akasogea kwenye kipaza sauti. "Dokta, pole na kazi. Sijauchukua niutupe. Kuanzia kesho, kabla hatujashika kitu, napita nao nyuma ya kila mtu nauliza. Mlango wa kati, leo unafungwa au haufungwi? Akisema ufungwe, kitufe chake kinabaki kwenye tableti ya Jilala, na Jilala atakibonyeza, mikono anayo. Akisema hapana, naondoa jina lake kabisa. Kisiwepo cha kubonyeza. Na jibu ni la siku hiyo moja, kesho anaulizwa upya."

"Na siku ambayo jibu la mtu litamuua?"

"Itakuwa siku yake."

Chini wakasikia kama Daktari anaandika, au anagonga kalamu mezani. "Niliwahesabu juzi saa tatu na nusu," akasema mwishowe. "Kichwa kwa kichwa, kwenye kioo. Saba. Nilihesabu mara nne. Sitaki kusikia habari za kwetu haidaiwi siku nikihesabu sita." Kalamu ikagonga tena. "Ulizeni kila asubuhi. Lakini ulizeni kweli, siyo kwa mazoea. Nitakuwa nasikiliza."

Spika ikazimika. Otmar akarudi na sahani yake, akakaa karibu na Jilala, pale pale alipokuwa anakaa siku zote, akajitwalia vijiko viwili vya maharage ya mwenzake bila kuomba.

"Nikuulize kitu," akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Ukinikuta tena vile, nimekwambia hapana, kicheko kinapanda, na kitufe unacho. Ungefanya tena?"

Jilala akafikiria kudanganya. Hakuwa na kipaji hicho.

"Ningefanya tena."

"Najua." Otmar akapapasa ufunguo kifuani. "Ndiyo maana unakaa huku."

Wakala. Sipora alikuwa ameshawasha drili, kishindo kinakuja kwa mbali kwenye mwamba.

"Kesho utasemaje?" Jilala akauliza.

"Kesho? Kesho nasema ufungwe. Nimekuona ukila, sitaki kufa kwa kukucheka." Akalamba kijiko. "Keshokutwa sijui. Uniulize."